Picha ya Wingu Jekundu

Kawajense, Mpanda
9 Februari 1956

Kaka Dionizi,

Natumaini upepo wa ziwa haujakurudishia kile kikohozi. Mimi sijambo. Mvua ni nzuri, na asali ya Ugalla nimekuwekea debe zima.

Uliniuliza kazi ya Padre. Anapiga picha za wingu lililo kati ya nyota zinazofuata kundi la nyota za Kilimia. Kwa macho hulioni vizuri, lakini akiweka kioo chekundu kwenye kamera, kioo kinazuia mwanga mwingine wote na wingu linajitokeza. Anasema humo ndimo nyota zinamozaliwa. Picha moja huchukua saa mbili nzima, na nyota hazitulii; basi mimi nachungulia darubini iliyofungwa pamoja na kamera, nazungusha skrubu polepole ili nyota isitoke kwenye uzi uliopita katikati ya kioo chake. Mkono ukishtuka, kila nyota kwenye picha inaota mkia.

Jana Padre alinionyesha picha ya usiku ule mkeo Theopista alipofariki akijifungua. Wingu limetoka zuri mno, kaka. Akaniuliza, "Makarius, kulikuwa na upepo?" Nikasema ndiyo.

Hakukuwa na upepo. Na wewe nilikuambia msibani kwamba shemeji hakuniita, ingawa nyumba yenu iko nyuma tu ya misheni. Nilijiambia nimalize picha kwanza, ilikuwa imebaki nusu saa.

Picha nimeifunga humu ndani. Tazama nyota yoyote uipendayo, utakuta ina mikia miwili midogo.

Aliniita mara mbili.

Mdogo wako,
Makarius