Kumbukumbu ya Kibwana na Msamaha Uliopelekwa Mahakamani

Miaka miwili imetimia, Kibwana Abilahi, tangu utoke nyumbani Kilwa Masoko asubuhi na mapezi yako ya kuogelea begani, na usiku tukurudishe kwa gari la kukodi, umefunikwa shuka. Watu wanatuambia tumeze. Tumemeza vya kutosha. Leo tunaongea na wewe, na mwenye masikio asikie.

Tunakukumbuka ulivyokuwa mbishi, hasa wa mpira na wa chumvi kwenye mchuzi. Tunakukumbuka ulivyokuwa ukipiga simu kila ukitoka majini, "Mama, nimeshatoka," na Bi Kazija, mama yako, akikujibu, "Haya, usinimalizie vocha," ilhali vocha ni yako. Ukishakata simu ndipo alipokuwa akikumbuka kula. Na ile suti yako ya mpira ya kuzamia! Hukumruhusu mtu aifue kwa sabuni. Uliianika mwenyewe kwenye kamba, mikono huku, miguu huku, mpaka jirani yetu Rosalia, siku ya kwanza alipohamia kutoka Milola, akapiga kelele, "Yesu na Maria, mtu kajinyonga!" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kesho yake ukampelekea pweza kumwomba radhi, na tangu hapo akawa mama yako wa pili.

Ulikwenda Unguja kusomea kupiga mbizi, ukaosha vyombo hotelini kwa watu ili ulipe ada, ukarudi na cheti cha kuongoza wageni chini ya maji. Kazi uliipenda kupita kiasi. Kila mgeni aliyefika pale hotelini kwa tajiri wako Abdulwahab ulimsalimia, ukataniana naye, kisha ukanyoosha mkono: "Kadi." Kadi ya kuonyesha kwamba amefundishwa, na amefundishwa kwenda chini kiasi gani. Asiye nayo ulimpeleka kwanza kwenye maji ya kiunoni, avue miwani, aivae tena, umtazame macho kama ana hofu. Wengine walinuna. Walikwambia wameshasaini fomu ya hoteli kwamba wakifa ni shauri lao. Ulikuwa ukija kutusimulia huku unacheka: "Yeye kasaini kufa. Wa kumrudisha ni mimi."

Yule mgeni wa siku ile hakuwa na kadi. Alisema kaiacha mjini, yeye ameshazama bahari zote, asichezewe. Ukamwambia Abdulwahab kwamba leo mtakwenda maji mafupi, na kwenye kina cha nje ya mwamba mtakwenda kesho, kadi ikishatumwa kwa simu. Abdulwahab akakujibu kwamba mgeni keshalipia kina, na kama wewe huwezi, yupo msafisha mitungi ya hewa atakayempeleka. Ulimpigia simu Zuhura, mkeo, umechukia kwelikweli. "Huyu mgeni hajui hata kusoma geji ya hewa," ukamwambia. "Nikikataa mimi, watakufa wote wawili." Ukaenda. Ndiyo, ulikwenda mwenyewe, hukuburutwa. Hilo tumeambiwa mara nyingi kuliko tunavyohitaji.

Kule chini mgeni akapagawa. Akakunyang'anya mpira wako wa kupumulia, akafyatuka kwenda juu. Ulimng'ang'ania umpunguze kasi, maana mtu akitoka kinani mbio, hewa inampasua mapafu. Yeye akatoka mzima, analia. Wewe ukatoka na damu puani. Erasmo, nahodha wa boti, ndiye aliyekuvuta ndani. Gari likakimbizwa njia ya Dar, kwani hapa kwetu hakuna mashine ya kumtibu mtu aliyeumizwa na mbizi. Hukufika hata Somanga.

Siku ya tatu ya matanga Abdulwahab alikuja. Angekuwa mtu wa kuja tungesema hajui mambo yetu. Lakini ni wa hapahapa, kazaliwa nyuma ya msikiti, kasoma chuo kimoja cha Kurani na mjomba wako Maftaha. Alileta mchele, akakaa mkekani na wanaume, akalia. Kisha akamtuma Maftaha mlango wa uani, kwa wanawake.

"Dada," Maftaha akasema, "mwenzetu anaomba umsamehe. Ajali ni kazi ya Mungu."

Nyumba nzima ikatega sikio kumsikiliza mama yako. Jamani, mama aliyefiwa, siku ya tatu, Msahafu unasomwa, watu wamejaa mpaka barabarani: atajibu nini? Akajikaza, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barazani, "Nimesamehe, kwa ajili ya Mungu." Ikasomwa Fatiha. Abdulwahab akala, akaaga.

Ambalo halikusemwa siku ile ni kwamba mle botini mlikuwa na mtungi wa oksijeni wa dharura, na mtungi wenyewe ulikuwa mtupu. Erasmo alikuja kutuambia baada ya arobaini. Alisimama mlangoni, kiti hakitaki. Alisema alikufunika usoni kwa kile kifuniko cha kupumulia, akafungua mtungi, hakikutoka kitu. Alisema ulishamkumbusha tajiri juu ya mtungi ule zaidi ya mara moja, yeye Erasmo akisikia, na jibu lilikuwa lilelile: tutajaza. Bi Kazija alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akaingia chumbani. Tulimsikia akijiuliza peke yake, "Sasa mimi nimesamehe nini?"

Zuhura alipotoka eda akafungua kesi. Mjini wakasema anatafuta utajiri kwa maiti. Wallahi, walituumiza. Hoteli ilikuwa imeandika kwenye taarifa yake kwamba umekufa kwa uzembe wako mwenyewe, na wapiga mbizi wapya walikuwa wakifundishwa kwa jina lako: msije mkafanya kama Kibwana. Tulitaka mtu mmoja tu mwenye mamlaka aseme hukuzembea. Binti yako Sada ataanza shule mwakani, na jina lako ndilo atakaloitiwa kila asubuhi.

Kesi ilisikilizwa Lindi. Erasmo akaeleza habari ya mtungi, na wiki hiyohiyo akamwaga unga. Baada yake akaitwa mama yako, akaapa kwa Msahafu. Wakili wa Abdulwahab alikuwa kijana mpole, ana adabu zake zote.

"Mama, siku ya tatu ya msiba mteja wangu alikuja nyumbani kwenu?"

"Alikuja."

"Aliomba radhi?"

"Aliomba."

"Ukamjibu nini?"

Bi Kazija alimtazama Zuhura. Zuhura alikuwa ameinama. Tangu jana yake mama yako alikuwa akijua swali hilo litakuja. Usiku hakulala kwa ajili yake. Neno moja tu, "sikusema", lingetosha, na mle ndani hakuna ambaye angemlaumu.

"Nilimjibu nimesamehe."

"Ahsante, mama."

"Lakini baba, wakati ule nilikuwa sijaambiwa kwamba…"

"Umeshanijibu, mama. Sina swali lingine, mheshimiwa."

Kisha akasimama Maftaha, upande wa pili. Ndugu wa tumbo moja na mama yako! Akaeleza, bila hata kumeza mate, kwamba familia iliyamaliza nyumbani kwa hiari yake, na yeye ndiye aliyekuwa kati. Sasa ni msimamizi wa boti pale hotelini. Hongera yake.

Hukumu tuliisikia tumesimama. Kwamba marehemu alikuwa na cheti, aliijua hatari kuliko mtu yeyote, alikuwa na uwezo wa kukataa, hakukataa. Kwa hiyo jukumu lilikuwa lake. Na kwamba wafiwa walikwishapatana na mwenye hoteli mbele ya mashahidi. Yaani kile cheti ulichokisotea Unguja ndicho kilichokutia hatiani. Asiye na kadi, aliyedanganya, akapanda ndege akaenda kwao, hakuna aliyemwita.

Huko nje Warda, dada yako, hakuweza kujizuia. "Mama, si ungesema hukumbuki?"

"Niape uongo kwa jina la mwanangu?" Bi Kazija akamjibu. "Nyie mna wazimu."

Zuhura alikaa siku nyingi hamsemeshi mkwewe ila kwa ya jikoni. Hatukufichi, Kibwana. Nyumba yako ilikuwa inakaribia kuvunjika, si kwa kufa kwako, bali kwa neno moja ambalo mama yako alilitoa kwa wema.

Ijumaa iliyopita tulikusomea dua. Asubuhi ya siku hiyo Maftaha akaingia uani anavuta mbuzi. "Abdulwahab kamleta," akasema. "Wa shughuli ya mtoto wetu." Mtoto wetu! Bi Kazija alikuwa akipepeta mchele. Akauweka ungo chini, akajitanda kanga, akaichukua kamba mkononi mwa kaka yake, akatoka. Tangu ufe alikuwa hajakanyaga njia ya hotelini. Zuhura na Warda wakamfuata, na Rosalia naye, unga umemjaa viganjani. Mbuzi alikuwa mkaidi, anagoma kwenye kila kichaka, na mama yako hakumpiga. Alimngoja ashibe, wakaendelea.

Getini wageni walikuwa wanapakia mitungi yao. Mmoja akanyoosha simu ampige picha, bibi na mbuzi wake. Abdulwahab akatoka upesi, kainama.

"Shikamoo, mama."

Bi Kazija akawa anafunga kamba kwenye nguzo ya geti.

"Mama, shikamoo."

Hata mwizi huitikiwa marahaba. Maftaha, aliyekuwa amefika anahema, akasema, "Dada, unaamkiwa." Mama yako akakaza fundo, kisha akageuka.

"Uliniomba nikusamehe ajali, Abdulwahab. Nilikusamehe, na sijarudi nyuma. Mtungi mtupu hukuniomba. Huo sijakusamehe."

"Mama yangu, tuingie ndani tuzungumze."

"Hukuniomba ndani. Uliniomba mbele ya watu, na mbele ya watu ukanipeleka Lindi nikakuokoa kwa mdomo wangu. Basi na mimi nakwambia mbele ya watu. Siku utakayosema mtungi ulikuwa mtupu na wewe ulikuwa unajua, njoo. Utanikuta nyumbani, na salamu yako nitaiitikia."

Abdulwahab aliwatazama wageni, akamtazama Maftaha, akamtazama mbuzi. Tulidhani atasema. Kwa kweli, kwa kitambo kidogo tulidhani atasema. Akafungua mdomo, akamwambia mlinzi amwondoe mbuzi getini, gari la wageni linataka kupita.

Tulipokuwa tunarudi, Zuhura alimshika mkwewe mkono, na hakuuachia mpaka nyumbani. Dua ikasomwa. Watu wakala wali na maharage, na hakuna aliyeulizia nyama.

Rufaa hatuna nguvu nayo. Tunayo nafasi hii ya gazetini tuliyoilipia, na ndani yake hakuna wakili wa kutukata kauli. Kwa hiyo wasome wote, kuanzia Kilwa mpaka Lindi: Kibwana hakuzembea. Alimkatalia mgeni, akamkatalia tajiri, na aliposhindwa na wote wawili alikwenda kumrudisha mtu asiyemjua, akamrudisha. Na mtungi ulikuwa mtupu.

Unakumbukwa na mama yako Bi Kazija, mkeo Zuhura, binti yako Sada, dada yako Warda, jirani yako Rosalia, na Erasmo, ambaye si wa damu yetu lakini kwenye msiba wako alikuwa ndugu. Mjomba wako Maftaha alituma ujumbe kwamba na jina lake liwemo katika orodha ya familia. Mama yako amesema ajibiwe hapahapa, mbele ya watu, kwamba halimo.

Mwenyezi Mungu akurehemu, Kibwana. Sisi hatutakusahau, na wao hatutawaachia wasahau.