Kikao cha Siku ya Mnada

Mpanda, 10 Agosti 2025

Shemeji Luhende,

Nimekukosea, na mama yenu nimemkosea zaidi. Naanza na hilo kwa sababu najua ukikuta salamu tu utaichana karatasi.

Sasa salamu. Hamjambo huko Mwese? Ng'ombe wanapata majani na kiangazi hiki? Sisi mjini wazima, ila dada yako Nyanzala ananiwekea chakula mezani anaondoka, kama vile nimekuja mgahawani.

Simu yangu hupokei, ndo maana naandika. Nampa Fredrick wa bodaboda akufikishie mkononi.

Nimesikia mama amerudishwa getini pale kwenye maji moto ya Kabusonde, eti bila kiingilio haogi. Mimi nilikuwemo kwenye ile kamati ya wananchi iliyowashauri maafisa wa msitu kuhusu viingilio. Walipouliza nani anakubali, nilinyoosha mkono. Nisamehe.

Naomba iwe hivi: kila Jumapili nimlipie mimi. Mama aoge, miguu yake ipate nafuu, yaishe.

Ni mimi shemeji yako,
Bashiru

*

Mwese, 17 Agosti 2025

Bashiru,

Sisi wazima. Ng'ombe wanakula. Salamu zimeisha.

Yaishe? Unamwambia nani yaishe? Mama alitoka hapa gizani na fimbo yake, kama anavyofanya kila Jumapili. Kufika, kijana wa geti, Shadrack, anamwambia, "Bibi, tiketi." Mama akacheka, akajua ni utani. "Tiketi ya nini, humu kuna basi?" Kijana akasema, "Utaratibu umeshapita, bibi. Wananchi wenyewe mmekubali."

"Wananchi gani? Nitajie mmoja."

Akatajiwa wewe. "Mzee Bashiru muuza ndala, si ndo makamu mwenyekiti wa kamati?"

Mama akasema, "Huyo ni mkwe wangu," akakaa chini. Tangu siku hiyo kila Jumapili anabeba kigoda chake anaenda kukaa nje ya geti mpaka jua linageuka. Haongei na mtu. Maji hajayagusa. Watu wa mjini wanapita na magari yao, wanalipa, wanaingia kupiga picha. Yeye amekaa. Miguu imevimba, kiatu hakiingii.

Usimlipie! Mama hataki kulipiwa. Tulivyotoka Shinyanga na mifugo, wewe hujajua hata ndala inauzwaje, mama alikuwa anatuogesha pale, mimi na huyo dada yangu uliyemuoa. Leo anunuliwe ruhusa na mkwe wake kama mtalii?

Na nikuulize kitu, ujibu kama mwanaume. Kikao cha wananchi kutoa maoni kilipangwa Jumatano. Wafugaji tulijiandaa. Tulikuwa tunataka kusema wageni walipe, wenyeji waingie bure. Neno moja tu hilo. Ghafla kikafanyika Jumamosi, siku ya mnada wa Sibwesa, wakati hata mtoto wa ng'ombe anajua mfugaji yuko wapi. Nani aliibadilisha ile siku?

Luhende,
kaka yake Nyanzala

*

Mpanda, 31 Agosti 2025

Shemeji,

Habari za hapo? Miguu ya mama inaendeleaje? Mimi mzima wa mwili tu. Nyanzala ameondoka Jumamosi. Aliiona barua yako, akanisogezea pale ulipouliza, akasema, "Jibu." Nikaikunja nikaitia mfukoni. Akafunga kanga zake akaita boda. Nadhani yuko hapo kwenu.

Ni mimi niliyeibadilisha.

Yule afisa wa viingilio ni mgeni, hata Sibwesa haijui. Aliniuliza mimi kwa sababu nimeoa kwenu. "Mzee Bashiru, watu wako wa Mwese Jumatano watafika kweli?" Nikamwambia Jumatano hawapatikani, weka Jumamosi. Akanishukuru. Nilijua Jumamosi ni mnada. Nilijua vizuri kabisa.

Siku yenyewe mabenchi yalikuwa matupu. Afisa akauliza, "Wafugaji wako wapi?" Nikasimama nikasema wameridhia, wangekuwa na neno wangekuja. Wenzangu wakaniamini.

Utasema nilihongwa. Afadhali ningehongwa, ningekuwa na kitu cha kurudisha. Sikupewa hata soda. Unakumbuka kikao cha kwanza? Nilikuwa naeleza kwamba kiingilio kitaleta choo na sehemu ya kubadilishia nguo, wewe ukasimama nyuma ukasema, "Muulizeni muuza ndala, tangu lini yeye akayajua maji? Anaogopa hata mvua!" Ukumbi mzima ulicheka. Afisa alicheka. Mimi nilicheka pia, maana tumezoeana kutaniana. Ila usiku sikulala. Nilitaka siku moja nikae mbele pale na wewe usiwepo kuwafanya watu wanicheke.

Basi. Ndo hiyo. Kwa utani wa dakika moja nimewafungia maji.

Bashiru

*

Mwese, 7 Septemba 2025

Bashiru,

Nyanzala yuko hapa, mzima. Anamkanda mama miguu kwa maji ya sufuria. Maji yenyewe yako msituni yanachemka bure, na sisi tunachoma kuni!

Nimesoma barua yako nikatoka nje, nikapiga mti ngumi, mkono umevimba. Utani! Ungenitukana. Ungekuja tukapigana hapo uani, tungeshikana mashati tukaachanishwa, kesho tunakunywa uji. Wewe ukachukua kule kutujua kwako, siku zetu za mnada, mambo uliyoyajua kwa kula kwetu, ukampelekea mtu mgeni atufunge nayo. Na ukasema tumeridhia. Ulitusemea sisi!

Mimi nilisema nikuache huko huko na ndala zako. Ila mama alitaka nimsomee yote. Nikamsomea. Akasema, "Mwambie mkwe mdomo uliosema tumeridhia ndo uende useme hatujaridhia. Hela yake asinitajie."

Nasikia tarehe 24 kamati inakaa tena kuangalia hivyo viingilio. Ni Jumatano. Usije ukasema hukujua.

Luhende

*

Mpanda, 14 Septemba 2025

Shemeji Luhende,

Nakusalimia wewe na wote wa hapo, na mama namwamkia kwa heshima zote, nikiwa mbali kama inavyotakiwa kwa mkwe. Mkono wako umepona? Pole, na ule mti pole.

Nilienda kwa afisa juzi. Nikamweleza jinsi nilivyomdanganya. Kwanza akakasirika, halafu akasema, "Mzee, haya tuyamalize humu ofisini, utajiaibisha bure." Nikamwambia mimi sikuja kumalizia ofisini, aibu yenyewe ndo nimeifuata. Nimeomba vitu viwili. Kikao kifanyike nje ya geti la Kabusonde, pale mama anapoweka kigoda chake. Na nipewe nafasi ya kwanza kuongea. Alinitazama kama nimeugua, ila amekubali.

Geti kufunguliwa sikuahidi. Nilishawahi kuwasemea watu nisiowauliza, sirudii. Hilo mtadai nyie wenyewe, na kiti changu kwenye kamati nakiacha siku hiyo hiyo. Nimeshamwambia afisa kipewe mfugaji mtakayemchagua nyie.

Fuso ya kuwabeba wafugaji itakuwa Mwese alfajiri. Njooni wote. Mkitaka kunizomea nizomeeni.

Nyanzala sijamwomba arudi. Akiwepo pale, asikie na yeye.

Jumatano tarehe 24 Septemba, saa nne asubuhi, nitasimama pale getini mbele ya afisa, kamati, Shadrack na wafugaji wote, niseme kwa mdomo huu huu: Jumamosi ile niliichagua mimi nikijua ni mnada, wafugaji hawakuridhia, niliongopa. Nitasema kwa sauti, mpaka mama pale kwenye kigoda chake asihitaji kusimuliwa na mtu.

Mkwe wenu,
Bashiru