Masika wa Wapi?

Jumatatu, 4 Agosti

Vifurushi vyote vimeondoka kabla ya chai. Viatu vya Kinyamaseke, mapazia ya Bwesumbu, gomesi ya kijani ya Bwera. Kila mteja nimemtumia picha ya kifurushi, picha ya teksi, na simu ya dereva. Wenzangu wauzaji wa mtandaoni wakishalipwa wanakuwa mabubu. Mimi hapana. Mteja wangu anajua mzigo wake ulipo kuliko anavyojua mumewe alipo. Ndiyo maana wananirudia.

Gomesi ni ya Masika, msichana anayetambulishwa kwao Bwera Jumamosi hii. Wakwe watamwona ndani ya vazi hilo. Ameniuliza maswali mpaka basi! Nimejibu yote.

Jumanne, 5 Agosti

Dereva anasema jana alimkabidhi mwenyewe, pale stendi. Nikamwandikia Masika: "Umeshapata. Vaa upendeze." Akarudisha sauti: "Dada Biira, mimi sijapata kitu. Niko nangoja tu."

Nikambana dereva. Aliita "Masika!" Mama mmoja akaitika, akachukua, akashukuru, akaenda zake. Basi.

Nimekaa kitako. Kwetu Bakonzo binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira kama mimi. Hakuna ukoo usio na Masika. Na mimi, mjanja wa Kasese, niliandika kwa kalamu nene: MASIKA, BWERA. Afadhali ningeandika MTU, UGANDA.

Jumatano, 6 Agosti

Uongo ulikuwa tayari kwenye vidole: "Iko njiani, mpenzi." Ungeninunulia siku nzima ya amani. Nikaufuta. Nikaandika kwamba gomesi amepewa Masika mwingine, kosa ni langu, naitafuta, na nitamwandikia asubuhi, mchana na jioni hata kama sina jipya.

Alilia. Kisha akanitukana. Nimesikiliza mpaka mwisho, ni haki yake.

Mchana sina jipya. Nimeandika. Jioni sina jipya. Nimeandika. Aibu tupu.

Alhamisi, 7 Agosti

Jipya! Dereva amekumbuka: mama mzee, anatembea na fimbo. Kesho nakwenda mwenyewe. Nimemwarifu Masika. Amejibu "Sawa." Si tusi.

Ijumaa, 8 Agosti

Bwera. Vijana wa bodaboda walinicheka: "Masika gani? Huku beko wengi, hata mama yangu ni Masika!" Nilipotaja fimbo, mmoja akaacha kucheka. Yeye ndiye aliyembeba.

Akanipeleka kwa mama huyo; nilifika na hasira zangu. Gomesi ilikuwa imetundikwa ukutani, imepigwa pasi, inangoja ibada ya Sabato kesho. Nikaeleza. Mama akaniangalia sana.

"Binti yangu iko Kampala," akasema. "Hapigi tena simu. Waliponiita, nikasema, ah, mutoto amenikumbuka."

Akaishusha mwenyewe, akaikunja polepole, akanipa. Hakunilaumu hata kidogo. Mali ni ya mteja wangu, na bado nilitoka mle ndani najiona mwizi.

Masika ameipata. Safari hii nimempa kwa mkono wangu.

Jumapili, 10 Agosti

Masika ametuma picha. Imemkaa vizuri sana. Dada zake wawili wanataka za kwao. Nilijua tu.

Nimefunga kifurushi kimoja ambacho hakuna aliyekiagiza. Shali ya sufu. Nimeandika: MASIKA, MAMA WA FIMBO, NYUMA YA KANISA LA SABATO, BWERA. KUTOKA KWA BIIRA WA KASESE. Jina langu nimeliandika kubwa, asije akadhani tena ni binti yake.

Picha ya kifurushi, picha ya teksi, kama kwa mteja yeyote. Nimezituma kwa yule kijana wa bodaboda amwonyeshe. Imerudi sauti ya mama.

"Hii ni yangu? Si ya Masika mwingine?"

Nimejibu: ni yako, mama. Iko njiani.