Siku Arobaini Ndani ya Lango

Jumamosi, 5 Oktoba 1331

Fulk kafa jana alasiri. Homa ya siku tisa. Nimemfumba macho mwenyewe. Miaka kumi na sita ya ndoa, hakuwahi kuniinulia mkono, na alikoroma mpaka mbwa wakaamka. Namlilia pamoja na mikoromo yake.

Warin, mwanawe wa mke wa kwanza, alifika maiti haijapoa. Akanikumbatia. Papo hapo akauliza funguo ziko wapi. Ziko kiunoni kwangu, nikamwambia, na kiuno changu hakijafa.

Leo ni siku ya kwanza. Mjane anakaa nyumba ya mumewe siku arobaini, na ndani ya hizo arobaini lazima apimiwe theluthi yake ya ardhi, aile mpaka kufa kwake. Hiyo ni sheria ya mfalme, si huruma ya Warin. Yangu ni kinu cha maji, nyumba ya kinu, na malisho ya mtoni. Arobaini inaisha Jumatano, 13 Novemba. Sivuki lango hili hata nikifukuza bata!

Jumatano, 9 Oktoba

Tumemzika Fulk katika kanisa dogo la hapa uani, kama alivyoomba. Afadhali. Sikulazimika kutoka.

Odo msimamizi kaniita pembeni, sauti chini. Bibi Hawisa, anasema, ukitoka kwa miguu yako, umejiondoa. Watafunga lango, na theluthi utaidai ukiwa nje.

Ananifundisha mimi! Mume wangu wa kwanza alipokufa nilitoka siku ya kumi na moja, nikamzike mama yangu. Siku nne tu. Kurudi, lango limefungwa, shemeji yuko juu ya ukuta anakula tufaha. Miaka sita mahakamani. Nikapewa kinamasi na vyura wake. Binti yangu Avice alikuwa na miaka minne. Tulilala zizini kwa shangazi, na mtoto akawa ananiuliza kila asubuhi tunarudi lini nyumbani.

Alhamisi, 17 Oktoba

Siku ya kumi na tatu. Kuni za chumbani kwangu zimekwisha. Warin anasema msitu uko wazi, Mama, nenda kachague mwenyewe. Anacheka kabisa, meno yote nje.

Tumevunja kigoda. Kinawaka vizuri.

Jumapili, 20 Oktoba

Avice alikuja langoni. Tumbo hilo! Anatarajia Krismasi. Mumewe alikwenda vitani kaskazini na hakurudi, naye anakaa Wenlow kwa mama mkwe anayemhesabia hata matonge. Nilimwomba Warin amruhusu Avice akae nami humu ndani. Hataki. Haki ya arobaini ni yako wewe, anasema, si ya ukoo mzima.

Tuliongea kupitia tundu la lango, mimi huku, yeye kule. Nikamwambia vumilia, mwanangu. Nikishapimiwa, unahamia nyumba ya kinu, unazalia kwetu, na hakuna mtu duniani wa kututoa.

Akasema: Mama, huo mkanda utakuwa nao? Ule wa ngozi wenye sala, unaofungwa tumboni mwa mzazi. Nilimzaa yeye nimeufunga. Nikamwambia nitaufunga kwa mikono yangu mwenyewe. Kaingiza vidole viwili tunduni, nikavishika. Baridi kama samaki. Lango hili nimelikumbatia kwa ajili yake, halafu ndilo linalonitenga naye!

Ijumaa, 25 Oktoba

Mvua. Nimezunguka ua mara arobaini na tatu. Bata wananijua sasa, hawakimbii tena.

Jumatatu, 4 Novemba

Kisa cha leo! Misa ya mwezi mmoja ya Fulk. Kaburi liko hapa uani, lakini Warin kaipeleka misa kanisa la kijijini. Eti watu wengi, nafasi ndogo. Mjanja! Nisipokwenda, mimi ni mjane asiye na haya. Nikienda, narudi nakuta lango limefungwa.

Nikavaa nyeusi. Nikasimama langoni, ndani ya kizingiti, vidole vya miguu vimegusa jiwe. Warin yuko upande wa pili ananyoosha mkono, mpole kama mchumba. Mama, twende tukamwombee Baba. Watu wote wanatazama. Kwa Fulk nilitaka kwenda.

Nikapiga magoti pale pale, matopeni, nikaanza sala kwa sauti yote niliyojaliwa. Na sauti ninayo. Kidogo, Mabota muuza bia akapiga magoti upande wa nje, akifuatiwa na wanawake wa kijiji, mmoja mmoja, hadi njia ikaziba. Mabota akaninong'oneza: Dada, kaa hapo hapo! Usitoe hata kidole! Padri Gervase alipoona kanisa tupu, akaja na msalaba wake akasomea misa langoni.

Warin hakula chakula cha mchana. Mimi nilikula mara mbili.

Jumatano, 6 Novemba

Taarifa rasmi. Afisa wa mfalme anakuja tarehe 13 asubuhi, na wazee kumi na wawili wa kupima. Sharti anikute ndani.

Warin kawa mwema ghafla. Kaleta kuni. Kaleta samli. Kaniuliza Avice anaendeleaje, anatarajia lini. Nikamjibu. Kwa nini nilimjibu? Mjinga mimi.

Jumatatu, 11 Novemba

Sikukuu ya Mtakatifu Martin, machinjo ya majira ya baridi. Ng'ombe wanne, nguruwe saba. Damu mpaka visimani. Nyumba nzima tunatia nyama chumvi: wapishi, wachungaji, Odo, hata Warin kakunja mikono. Chumvi kwenye nywele, chumvi kwenye mkate. Viganja vyangu vimepasuka, vinawaka moto.

Emota, kijakazi wangu, anaimba huku anafunga mapipa. Bibi, anasema, kesho kutwa tunalala kinuni! Nikamwambia funga mdomo, utatutia nuksi. Lakini nami niliimba.

Jumanne, 12 Novemba

Siku ya thelathini na tisa. Mvua tangu alfajiri, na nyama bado nusu haijatiwa chumvi.

Baada ya staftahi kaja Hamo, mtu wa Warin wa farasi. Katoka Wenlow, anasema. Avice kashikwa na uchungu. Mtoto kakaa vibaya. Anamwita mama yake.

Leo! Siku zote za mwaka, leo! Krismasi iko wiki sita mbele. Nimemtazama Hamo usoni, kaangalia viatu vyake. Lakini Hamo anaangalia viatu vyake hata akisema mvua inanyesha.

Nimemtuma Emota na mkanda. Mfunge, nikamwambia, mwone kwa macho yako, rudi mbio uniambie. Wenlow ni mwendo wa saa moja kwa mguu. Kaapa kwa mama yake.

Baadaye, siku hiyo hiyo

Kengele ya adhuhuri imelia zamani. Emota hajarudi.

Nimemwomba Odo aende. Kaniambia ana nyama. Hakuniangalia. Padri Gervase yuko kijiji cha pili kwa mgonjwa. Nimemwita Mabota kupitia tundu, mvua imemeza sauti yangu.

Alipigwa miaka minne, alilala zizini, akaniuliza tunarudi lini. Hapana, naandika ovyo. Alikuwa na miaka minne. Hakupigwa.

Baadaye tena

Hamo karudi. Peke yake. Kaniwekea mkanda mkononi. Anasema Avice kaufungua mwenyewe, kautupa, kasema hataki ngozi, anamtaka mama yake. Emota kabaki kamshika mkono.

Hayo ni maneno ya Avice hasa. Alivyokuwa mtoto alitupa kila kitu nilichompa badala yangu.

Au wamemkamata Emota njiani, wamemfungia mahali, wakamnyang'anya. Mtu yeyote anaweza kutunga maneno hayo.

Mkanda umelowa chapa chapa. Mvua, au jasho la mzazi? Nimeugeuza. Nimeunusa: ngozi, moshi, basi. Nimeweka ulimi. Chumvi! Jasho la mwanangu! Nimesimama, nimepiga kelele waniletee joho.

Halafu nikaona mikono ya Hamo. Imepasuka kama yangu. Hapa leo hakuna mkono usio na chumvi. Hata ulimi wangu ulikuwa na chumvi kabla sijaugusa mkanda.

Mungu wangu. Kinu kile nakitaka kwa ajili ya Avice! Nikikaa, na ni kweli, nitampa kinu nani? Nikitoka, na ni uongo, nitamlaza wapi na mtoto mchanga, zizini tena?

Lango linalia. Siku thelathini na tisa halijafunguliwa zaidi ya upana wa mtu. Sasa mbawa zote mbili ziko wazi, na Warin mwenyewe kasimama kwenye mvua kashika farasi, tandiko tayari, kichwa wazi. Hacheki. Ningeona meno yake ningejua. Anasema tu, Mama, haraka.

Nimeshavaa kiatu kimoja.