Siku Zilezile, Ila kwa Mfululizo

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo,
Mtaa wa nyuma ya stendi.
Jumatano, asubuhi.

Mpendwa mpwa wangu Chiriku,

Kosa wanalolifanya watu wengi katika jambo letu hili ni kudhani kwamba tunaomba kuongezewa siku. Hatuombi siku hata moja. Lakini ngoja, nimeanza kufundisha kabla ya kubisha hodi. Hujambo, mwanangu? Mama yako ameamkaje? Ule mkono wa kushoto umepungua kuvimba, au bado anauficha chini ya shali wageni wakija? Na wale pacha wako, wameacha kung'atana? Mimi ni mzima. Goti langu hulalamika nikipanda ngazi tu, na kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kufika kitandani, malalamiko yake nayasikia kila siku.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu mbili. Kwanza, simu unaiweka kwenye spika mama yako akiwa papo hapo, na mengine sipendi ayasikie hivyo. Pili, nikisema neno moja wewe umeshasema kumi. Barua huwezi kuikatiza.

Juzi ulinieleza kwamba ulifika ofisini kwa mbunge wenu ukamwomba amwongezee mjomba wako siku za kukaa huko. Naye akakujibu, "Dada yangu, siku si chumvi, kwamba nitaongeza kidogo nionje." Ukatoka unalia. Nimekasirika tangu hapo, na wala si kwako. Kinachoniuma ni kwamba kwa ombi lile alikuwa na haki ya kujibu vile. Tumempa mlango wa kutokea, akatoka.

Sasa nisikilize taratibu. Sheria ya kwenu inasema mgeni kutoka huku akae siku tisini katika kila siku mia na themanini. Ukijumlisha kwa mwaka mzima, ni karibu nusu mwaka. Maana yake nusu mwaka nimeshapewa, na walioiandika sheria ni wao wenyewe. Ila wameikata vipande viwili, na katikati lazima nitoke nikakae nje miezi mitatu. Tunachoomba ni nusu mwaka ileile, iwe kipande kimoja. Hatuombi kazi yao, wala dawa za bure, wala kura. Mama yako, aliyefunika makochi maisha yake yote, angekueleza vizuri kuliko mimi: huwezi kumfunikia mteja kochi refu kwa vipande viwili vyenye mshono katikati ya kiti, halafu ukamwambia asinung'unike kwa sababu mita za kitambaa ni zilezile.

Na ule ushauri wako wa kuvuka mpaka, kunywa soda upande huu, kisha kurudi kama mgeni mpya, tafadhali usimpe mtu mwingine. Mashine yao haianzi kuhesabu upya ukivuka. Inasimama kwenye siku ya leo na kuangalia nyuma. Safari ya mwisho nilimwona mzee mmoja akijaribu ujanja huo mbele yangu, na chupa yake ya soda mkononi. Kijana wa dirishani akamwambia, "Mzee wangu, umerudi haraka hivi, umesahau nini?" Foleni nzima ikacheka. Yule mzee hakucheka, kwa sababu mkewe alikuwa upande wa pili ameshika mabegi.

Kabla nchi haijagawanywa, nilikuwa napanda basi la alfajiri na kushuka mlangoni kwenu bila mtu kuniuliza hata jina. Sisemi haya kwa kulilia ya zamani. Yamepita. Nasema ili ukumbuke kwamba hakuna aliyekuwa akizihesabu siku zangu, na hakuna aliyeumia kwa ajili yangu.

Nikueleze kwa nini sitaki kuliachia jambo hili. Ulikuwa unatoka kwenda kiwandani kuoka mikate wakati sisi tumelala, kwa hiyo kazi yetu ya asubuhi hukuiona yote. Yule mtaalamu wa mazoezi alisema mgonjwa wa kiharusi hurudishiwa maneno yake na kazi anayoijua, si na picha za ng'ombe na mpira. Basi mimi na mama yako tulikuwa tunashuka karakanani kwake. Mimi nashika kitambaa upande huu wa fremu, yeye anavuta upande ule kwa mkono mzima, na kila chombo tunakitaja kabla ya kukigusa. Uzi. Nyundo. Sponji. Unakumbuka alivyokuwa akibana misumari midogo midomoni huku akikugombeza, na hakuna hata mmoja uliodondoka? Tulianza kumzoeza midomo kwa kifungo kikubwa cha kochi. Siku za mwanzo kilianguka kila alipokibana. Baadaye kikakaa.

Kisha asubuhi moja nilikuwa nimeshika kitambaa, nimechoka, akanitazama akasema, "Mdogo wangu, unavuta kama mtu aliyekula jana." Sentensi yake ya kwanza iliyokamilika tangu augue, na ilikuwa ya kunisimanga! Nilifurahi mpaka nikaachia kitambaa, naye akanisimanga tena.

Wiki iliyofuata siku zangu zikaisha.

Sasa nikipiga simu, nyundo imekuwa "kile". Uzi umekuwa "kile". Majuzi hata mimi nilikuwa "kile". Wewe hujamkosea lolote. Una kazi, una watoto, na mumeo yuko barabarani na lori lake. Lakini mtaalamu alituambia wote wawili kwamba mwaka huu wa kwanza ndio wenye kurudisha, na ukipita, kinachobaki nje hubaki nje. Nikingoja miezi yangu mitatu ndipo nije, nitakuta tunaanzia kwenye kifungo. Nikifika tena kwenye sentensi, nitaondoka tena.

Huku nako, mwanangu, usidhani tunakwenda vizuri. Kila Jumamosi sisi tuliotenganishwa na mpaka tunakutana chumba cha nyuma cha duka la vipuri, tukikalia makreti. Fundi Saa ndiye mwenyekiti, na mkewe yuko upande wenu. Anasema anamwazima mkewe kama kitabu cha maktaba, akichelewa kumrudisha anapigwa faini. Ni mcheshi, lakini mkutano hauwezi. Kuna bwana tunayemwita Kipaza, na hana haja ya kipaza sauti. Kila nikieleza jambo hili moja dogo, yeye husimama: "Mwalimu, kwa nini tuombe kipande? Tudai mpaka ufutwe!" Watu wanapiga makofi, tunaimba, tunarudi nyumbani, na mpaka uko palepale. Nimefundisha watoto wa kila aina, wengine walikuwa wakila chaki. Darasa hili limenishinda.

Ofisi za huku zinasema sheria ni ya kwenu, hazina la kufanya. Za kwenu zinasema sisi ndio tuliojitenga. Karani mmoja alinichana waziwazi: "Mliomba talaka wenyewe, sasa mnataka funguo za nyumba?" Nikamjibu kwamba talaka waliomba wakubwa, mimi na dada yangu hatujaachana. Akasema, "Umejibu vizuri, mzee. Anayefuata!"

Ndiyo maana nakutegemea wewe. Sisi huku si wapiga kura wa mbunge wenu, hata tukipiga kelele mwaka mzima. Wewe na mama yako ni wapiga kura wake, naye anakaa kwenye kamati itakayolizungumza jambo hili wiki ijayo. Wakilifunga, hawatalifungua tena mwaka huu.

Najua utasema mama anaona haya kutoka mbele za watu. Umeshamuuliza, au umemjibia? Jana ulipotoka kuanua nguo ukamwachia simu, nilimuuliza mwenyewe kama yuko tayari kuonana na mheshimiwa. Alihangaika sana. Nikanyamaza, kama tulivyofundishwa, nisimchomolee neno mdomoni. Mwishowe akasema, "Viatu." Nikamuuliza viatu gani. Akarudia kwa hasira, "Viatu!" Uliporudi ukadhani miguu inamuuma, ukampaka dawa. Mwanangu, alikuwa anataka kutoka.

Barua hii namkabidhi mumeo, amelala hapa na lori lake na anavuka asubuhi hii, kwa hiyo utaipata leo mchana. Nisalimie pacha, uwaambie babu yao wa huku anasema atakayeng'ata mwenzake atahesabiwa meno. Msalimie jirani yenu mshonaji anayemchungulia mama ukiwa kazini. Mama yako mwambie kitambaa bado nimekishika upande wangu. Mungu awape usingizi mzuri na mikono yenye nguvu, na awalainishe wanaokaa nyuma ya meza.

Ukimaliza kusoma, mvalishe mama yako viatu, mpeleke leo hii ofisini kwa mbunge kabla hawajafunga, na mwombe jambo moja tu: siku zilezile, kwa mfululizo.

Ni mimi ninayekupenda pande zote mbili za mpaka,
Mjomba wako.