Kinamama wa Usevya Hawakuja Kucheza

Mpanda, Alhamisi, Agosti 1996

Leo jua limechelewa kujitoa kwenye moshi. Ni msimu wa kuchoma mapori, na tangu asubuhi mji mzima umekaa kama umefunikwa shuka jepesi. Nimetembea kwenda ukumbini nusu nimelala, vumbi linapanda taratibu mpaka magotini, na moyo unaniambia kwamba haya yote naota.

Maana nani angeamini? Mkutano wa kimataifa wa watafiti wa sera za utamaduni, hapa kwetu Mpanda! Maprofesa kutoka nchi ambazo mimi nazijua kwa stempu za barua tu. Walitakiwa wakutane Dar, halafu mmoja wao akasema kama tunataka kujua sera inafika wapi, twende reli inakoishia. Basi reli inaishia kwangu, Afisa Utamaduni wa wilaya, mwenye meza moja na taipureta inayogoma kila mvua ikinyesha.

Jana wameshuka kwenye treni ya kutoka Kaliua wamepauka mpaka kope, na bado wanacheka. Nilitaka kulia. Sijui kwa nini naandika "nilitaka". Nililia.

Mimi ni Mfipa, hapa nimeletwa na kazi, na kwa miaka yote niliyokaa watu wananiita Bi Utamaduni. Maana yake ni moja tu, mtu wa kuleta ngoma kiongozi akija. Kiongozi anashuka garini, ngoma inalia, anatikisa kichwa, anaingia ndani kuongea mambo ya maana, na wachezaji wanabaki juani wakisubiri soda. Soda hizo zimenichosha, we acha tu.

Ndiyo maana mwezi Juni nilipopanda lori kwenda Usevya kuwaalika kinamama wa kikundi cha Mama Yustina, nilikwenda na ndoto yangu. Mama Yustina ni Mpimbwe, mkulima wa mpunga, mama mnene mwenye sauti ndogo. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anapepeta mchele, halafu akauliza swali moja.

"Tunakuja kucheza au kusema?"

"Kusema, mama. Safari hii mnasema nyie."

Wana jambo lao. Makaburi ya bibi zao yako ng'ambo ya mto, na tangu mipaka iwekwe yamebaki ndani ya hifadhi ya wanyama. Zamani walikuwa wanakwenda kuyafagia kila mwaka, wanaimba, wanashinda huko, wanarudi jioni. Siku hizi hawaendi. Wanaomba waruhusiwe siku moja kwa mwaka waingie, wafagie, watoke. Niliwaahidi kwamba watalisema hilo wenyewe, ndani ya ukumbi, mbele ya wakubwa.

Leo asubuhi wameshuka kwenye lori wamevaa vitenge vya kwendea kanisani, vilemba vimekaa sawasawa. Nikachungulia nyuma ya lori, nikachungulia tena. Hakuna ngoma hata moja. Wameziacha nyumbani! Furaha niliyoisikia, haki ya Mungu, sikuwa najua niiweke wapi.

Ndani ya ukumbi nikawa kama naelea. Jenereta linanguruma kwa mbali, pazia linajaa upepo na kunywea, profesa mmoja mrefu anasoma makala yake kwa Kiingereza cha polepole, na maneno yake yananipita juu ya kichwa, sera, urithi, ushirikishwaji. Dirishani ng'ombe wa Wasukuma wanapita kwenda mnadani. Nikawaza, kumbe hivi ndivyo mtu anavyokuwa akipata alichokuwa anakiota, anasinzia kwa raha.

Aliyenizindua ni Mwalimu Kashindye. Yeye ndiye mshereheshaji, hakuna shughuli Mpanda isiyo yake. Alishika kipaza sauti, akasoma ratiba kwa mbwembwe zake zote. "Na sasa, mabibi na mabwana, buru-daaa-ni! Kinamama wa Usevya, uwanja ni wenu! Vigelegele, jamani!"

Burudani.

Ratiba ile niliichapa mimi. Jumatatu, kwa vidole hivi hivi, huku nawaza wageni watalala wapi na kama mchele utatosha. Baada ya hotuba, burudani. Baada ya chai, burudani. Kikundi chochote cha kinamama, mbele yake burudani. Nimechapa hivyo kwa kila ziara ya kila kiongozi mpaka vidole vinachapa vyenyewe. Hata nilipokuwa nagawa nakala mlangoni, sikuona.

Kinamama hawakusimama.

Ukumbi ukasubiri. Wageni wakapiga makofi ya kuwatia moyo, wengine wakatoa kamera. "Wanaona haya hawa," Mwalimu Kashindye akachekacheka, "inukeni basi, mama zetu!" Hakuinuka mtu. Walikaa na mikono yao mapajani, wanamwangalia Mama Yustina, na Mama Yustina ananiangalia mimi.

Mkuu wa Wilaya alikuwa mstari wa mbele. Akanigeukia, "Bi Utamaduni, watu wako vipi? Mbona unatutia aibu mbele ya wageni?"

Nikaenda, nikachuchumaa mbele ya Mama Yustina. Humu naandika ukweli, kwa hiyo naandika na hili: nilikwenda kumwomba wacheze. Kidogo tu jamani, hata kwa makofi, yaishe. Nilishafungua mdomo.

"Mwanangu," akaniwahi, "kwani tuliitwa kucheza au kusema?"

Angekuwa na hasira ningevumilia. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayeuliza njia. Alidhani labda alinisikia vibaya kule Usevya, labda kosa ni lake. Hapo ndipo nilipoona aibu yangu mwenyewe, na ile aliyoisema Mkuu ikawa ndogo.

Nikasimama. Nikachukua kipaza sauti mkononi mwa Mwalimu, nikasema kwa Kiswahili halafu kwa Kiingereza changu cha kuombea maji: "Samahanini. Nimekosea kuandika. Mama zetu hawa sio burudani, ni wasemaji. Naomba tuwasikilize."

Sikumtazama Mkuu. Ningemtazama, ningekaa chini.

Mama Yustina hakutaka kipaza sauti. Alisema palepale alipokuwa, na hakuchukua muda. Makaburi, ufagio, siku moja. Mimi nilikuwa natafsiri. Alipomaliza alisema, "Nimekwisha sema," akakaa. Kamera zilikuwa zimeshuka zote.

Mkuu akakohoa. Nilijua kinachokuja, tumesikia, tutalifanyia kazi. Lakini aligeuka kwenye kiti chake, akamuuliza, "Siku gani?"

Mama Yustina akawaangalia wenzake.

"Mama, nauliza siku gani. Nikienda kwa wenzetu wa hifadhi lazima niwe na siku mkononi."

Jamani! Hawakuwa wamefikiria. Walijiandaa kuomba, hawakujiandaa kuulizwa. Wakageukiana, wakaanza kubishana kwa Kipimbwe mbele ya maprofesa wote. Mmoja anataka kabla ya mvua, mwenzake anasema kabla ya mvua nyati wamejaa mtoni, unataka tufe? Wageni wanaandika mbio mbio na hawaelewi hata neno. Mwalimu Kashindye akaninong'oneza, "Sasa hii tuiite nini kwenye ratiba?" Nikacheka mpaka machozi.

Wamechagua Jumamosi ya kwanza baada ya mpunga kuingia ghalani. Mkuu amesema atalipeleka ombi lao, na kwamba askari wa wanyamapori itabidi awepo. Zaidi ya hapo hajaahidi kitu. Mimi ameniambia tuonane ofisini Jumatatu, kwa sauti ambayo mpaka sasa sijaielewa.

Jioni hii nimekaa kwenye ngazi za ofisi. Wageni wanakula wali na samaki wa migebuka kule ukumbini, nasikia vijiko na vicheko vyao. Moshi umeshuka tena, taa zinaonekana kama ziko mbali sana, na ningependa kusema nimetulia. Sijatulia.

Kabla ya kupanda lori Mama Yustina alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniuliza, maongezi tu ya kuagana, "Na wewe mwanangu, kaburi la bibi yako linafagiwa na nani?"

Nikamwambia sijui. Tulihamishwa nikiwa mdogo, wakati wa kuhamia vijijini. Nakumbuka godoro juu ya trela, kuku wamefungwa miguu, na mama anageuka nyuma kila mara. Shamba la zamani lilibaki huko Ufipa, na bibi ndani yake. Hakuna aliyewahi kunionyesha ni upande gani, na nyumbani hatulizungumzi.

Afisa Utamaduni mzima.

Kesho treni ikishaondoka na wageni nitakwenda posta, nimpigie mama simu, nimuulize bibi tulimwacha wapi. Naogopa kitu kimoja tu, kwamba na yeye atasema hajui.