Wa Mwisho Hajaitwa

Baba,

Shikamoo. Najua huko uliko hakuna posta. Hata ungekuwa hai, barua hii ungempelekea mwalimu akusomee, na kila mstari ungemkatiza kumuuliza kama niko salama na kama huku Geita mvua imenyesha. Huku imenyesha kidogo. Kwetu Mhunze ni vumbi tupu. Mama hajambo, ila siku hizi anaongea na kuku, na ukimuuliza anasema kuku angalau wanasikiliza.

Nimefanya jambo, Baba, na sina mwingine wa kumwambia.

Miezi michache baada ya kukuzika nilikuwa jikoni kwa yule mama lishe niliyemfuata huku, nasonga ugali wa wachimbaji, huku naimba wimbo wako wa bugobogobo, ngoma ya majembe. Ule uliokuwa ukiwaongoza nao watu wa kikundi cha kulima. Nilikuwa nakulilia. Huwezi kulia mbele ya wateja, lakini ukiimba wanadhani una raha. Kijana mmoja anayeitwa Denis aliacha kula akanisikiliza mpaka mwisho. Kazi yake ni kutafuta burudani za hoteli mpya wanayofikia wageni wa migodini. Akaniomba nirudie, akanirekodi kwenye simu yake, wimbo wote, hata pale unapoita majina. Nilifurahi sana siku ile. Nilidhani wimbo wako umepata mahali pa kukaa.

Sasa tuko wanane tunaoucheza pale hotelini kila Jumamosi. Wasukuma ni wawili tu, mimi na Kabula wa Kagongwa. Wengine ni watu wazuri, wanajituma, ila hawajui wanaimba nini. Tunavaa vitambaa vyenye madoa ya chui, na kichwani manyoya ya kuku yaliyopakwa rangi nyekundu. Nilimuuliza Denis ni nani anayelima na manyoya kichwani. Akacheka, akasema wageni wanataka kitu cha asili. Nikamweleza kwamba wewe ulilima na shati lililochanika mgongoni na katambuga za tairi la lori.

"Hiyo siyo asili, dada," akaniambia. "Huo ni umaskini."

Nikayavaa manyoya. Kodi ya chumba ilikuwa inanisubiri.

Majembe yetu ni ya mbao, yamepakwa rangi ya fedha ili yasikwaruze vigae. Hayana uzito wowote. Mara ya kwanza nilipolirusha langu juu, mkono uliozoea chuma ulilituma mbali, nusura lianguke kwenye supu ya mzungu. Watu walipiga makofi wakidhani ndivyo inavyochezwa. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukae chini.

Lakini hili lingine usingelicheka. Kabla hatujaanza, Denis anashika kipaza sauti na kutangaza kwamba hii ni ngoma ya kale ya Wasukuma ya kumwomba mungu wa dhahabu. Wewe, Baba, dhahabu uliyowahi kuiona ni jino la mnunuzi wa pamba. Wimbo wako haumwombi mungu yeyote. Unasema jua limepanda, Mama Masanja ni mjane, shamba lake ni kubwa na watoto wake ni wadogo, tumalize leo. Kisha unamwita aliyebaki nyuma.

Hapo ndipo penyewe, na hapo ndipo Denis alipokata. Alisema wageni hawavumilii zaidi ya dakika nne, na majina ya watu wasiowajua yatawachosha. Kwa hiyo tunafika kwenye shamba la mjane, ngoma inapiga mara tatu, tunanyoosha mikono, tunatabasamu, tumemaliza.

Usiku mmoja mama mmoja mgeni alinishika mkono, machozi yakimlengalenga, akaniuliza kama kweli wimbo ule unaleta dhahabu. Kabula akanitazama. Nikasema ndiyo. Nikaongeza na langu, kwamba babu zangu walikuwa wakiucheza kwenye mashimo ya dhahabu. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka tu aendelee kunitazama vile.

Mwezi uliopita tulikufanyia ibada ya kumbukumbu nyumbani, kando ya kaburi lako. Padri alikuja, tulipika wali na matobolwa ya viazi vikavu, watu wakawa wengi kuliko nilivyotegemea. Baada ya kula, Mzee Luhende, rafiki yako aliyekupigia ngoma miaka yote, akaitoa ngoma yake, akasema tumlimie mwenzetu wimbo wake. Wale wa kikundi cha zamani karibu wote wameshatangulia, na vijana wamekimbilia mashimoni. Akaniambia, Milembe, ongoza wewe.

Nikaongoza. Sauti ilikaa vizuri, Mama akafunga macho. Tukafika kwa mjane, Mzee Luhende akapiga mara tatu, nami nikasimama, nikanyoosha mikono, nikatabasamu.

Nilitabasamu, Baba. Kwenye kaburi lako.

Watu walisubiri. Mzee Luhende aliendelea kupiga, taratibu, kama alivyokuwa akikusubiri wewe. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nilijaribu kuanza tena kutoka kwenye jua, nikafika palepale, mikono ikainuka yenyewe. Akaacha kupiga, akaweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma.

"Milembe," akasema, "bado hujamwita wa mwisho."

Nilimwomba anikumbushe maneno. Akasema yeye alikuwa na ngoma, maneno yalikuwa yako. Mama anakumbuka sauti tu, anaivumisha puani. Niliporudi Geita nilikwenda moja kwa moja kwa Denis, nikamwomba ile rekodi ya kwanza, ya jikoni. Akatafuta kwenye simu, kwa moyo mweupe kabisa, siwezi kumsingizia. Akanionyesha ya dakika nne. Ile ndefu aliifuta zamani, simu ilikuwa imejaa.

Nimejaribu kila njia. Nimeimba nikisonga ugali, nimeimba nikifua. Ninachokumbuka ni siku ile moja tu. Nilikuwa na miaka tisa, umenikatia mpini mfupi, nikang'ang'ania kulima na wakubwa. Mstari ukaniacha. Niliona migongo yenu inakwenda mbali, vumbi linanirudia usoni, nikaanza kulia kwa hasira. Mapema siku ile nilikuwa nimekuuliza jinsi ya kuongoza watu, ukasema, "Usinitazame mimi. Mtazame wa mwisho." Sikukuelewa. Kisha nikasikia jina langu. Uliniita kwa jina langu, la mama yako niliyerithi jina lake, na maneno mengine katikati, na majembe yote yakasimama hewani. Watu wazima wote wakanisubiri mimi. Nasikia ule ukimya hata sasa. Maneno siyasikii.

Niliyauza? Sijui. Mtu akiuza kitu anajua kimetoka. Mimi nilikuwa nacho mdomoni kila Jumamosi na sikuona kinaisha.

Ningependa kukuambia kwamba nimeacha. Sijaacha. Jumamosi hii kuna wageni wengine, manyoya yangu nimeshayafua, na Denis atatangaza mungu wake wa dhahabu. Kabula amesema tumwambie ukweli. Tumwambie upi, Baba, ikiwa mwisho wa wimbo hata mimi sina? Na kule nyumbani mtoto wa Masanja ameshajifunza ile ya dakika nne kwenye simu. Anainua mikono vizuri kuliko mimi.

Naomba unisamehe, ingawa najua usingekasirika. Ungeuliza tu kama nimekula.

Siahidi mambo makubwa. Mvua ikifika Mhunze nitaomba ruhusa siku mbili. Jembe lako lipo, Mama amelilaza juu ya dari, limelika mpaka limebaki kama kiganja. Nitakwenda kwenye shamba la Mama Masanja, ambaye sasa ni bibi kizee na bado ni mjane, na nitalima nikiimba. Nikifika pale ulipokuwa unaita, sitainua mikono, na sitatia maneno yangu. Nitasimamisha jembe hewani, nitageuka nyuma, na nitasubiri, kama mlivyonisubiri mimi, kadiri mkono utakavyovumilia.

Lala, Baba. Wabeja, asante.

Mwanao wa mwisho wa mstari,
Milembe